Toleo Lisilo na Shikamoo

Kaeni, wapendwa, kaeni. Kwaya asanteni, mmetuimbisha mpaka hili joho limekuwa zito. Wale mliojibanza mlangoni sogeeni ndani, nafasi ipo. Leo nina mfano ambao umekuwa ukiniwasha ulimi tangu Jumatano. Mama Mchungaji ameusikia mara tatu jikoni, na jana aliniambia, "Baba, ungoje Jumapili, mboga inaungua."

Mfano wenyewe ni wa kompyuta. Naona wazee wameanza kutazama saa! Ngojeni jamani. Mimi mwenyewe ile kompyuta ya ofisini naijua kwa kuifuta vumbi tu. Kama mimi nimeuelewa, hakuna atakayetoka hapa bila kuuelewa.

Kulikuwa na dada mmoja, fundi wa kuandika programu za simu. Siku moja alikuwa safarini, gari lao likapata pancha karibu na daraja la mto mkubwa. Wenzake wakakaa kivulini kulalamika. Yeye akashuka mpaka mtoni, akamkuta mama mmoja wa makamo amesimama mbele ya nguzo ya chuma yenye namba. Ile nguzo imesimikwa ndani ya maji, na karibu na kichwa chake pana mstari mwekundu. Mama anaitazama nguzo, anaandika kwenye daftari.

"Shikamoo mama. Hii nguzo ni ya nini?"

"Marahaba mwanangu. Hiki ni kipimo cha mto. Nakisoma asubuhi na jioni, ndiyo kazi yangu. Maji yakigusa ule mstari mwekundu, watu wa kule chini wana saa moja na nusu. Baada ya hapo maji yako majumbani mwao."

"Na wao wanajuaje kama yamegusa?"

"Nawapigia simu, mmoja mmoja. Mwaka juzi nilipiga simu saba. Nne hazikupatikana."

Akamsimulia. Mwaka huo maji yaliondoka na nyumba kumi na moja, na jirani mmoja aliyerudi kufungua mbuzi. Kisha akasema jambo ambalo halikumtoka yule dada kichwani. "Mama yangu mzazi yuko kule chini. Miguu imekataa. Kumbeba mpaka shuleni kwenye mwinuko ni watu wanne na saa nzima. Kuhama hataki, mume wake amezikwa pale. Kila masika nasoma hiki kipimo nikimfikiria yeye."

Mnaona hesabu ilivyo? Saa moja na nusu kwa maji, saa nzima kwa kumbeba bibi. Ukiondoa, inabaki nusu saa. Uhai wa kikongwe yule umekaa ndani ya nusu saa.

Dada akatoa kalamu, akaandika juu ya bahasha maneno sita: *Mama akibonyeza, watu wa chini wajue.* Basi! Mama wa kipimo abonyeze mara moja, na simu zote za kule chini, hata zile za kitochi, zipate ujumbe kwa pamoja. Akamwambia, "Mama, kabla ya vuli utakuwa nacho mkononi."

Na yule mama alifurahi, wapendwa! Alimpa ndizi mkungu mzima, gari zima likala.

Dada aliporudi mjini akaamua programu yake iwe huria. Huria maana yake nini? Nami niliuliza. Maana yake, maandishi ya ndani ya programu yanawekwa wazi mtandaoni, mtu yeyote ayasome, ayachukue, aongeze la kwake. Ni kama mapishi ya shughuli zetu hapa. Hakuna aliyeajiriwa, kila mama anakuja na kisu chake, na pilau inaiva. Nilipoelezwa hivyo nilipiga makofi peke yangu ofisini! Mtu wa Mwanza asiyekujua anakaa Jumamosi yake anatengeneza kitu cha kumwokoa bibi asiyemjua. Hao ni majirani, wapendwa, hata kama hawajawahi kuonana.

Wakaja. Ndani ya miezi miwili wakawa thelathini na saba, wote wanajitolea. Na dada, kama alivyofundishwa kwao, kila aliyebisha hodi alimwambia, "Karibu sana!"

Akaja mmoja na ramani. Karibu sana! Akaja mwingine na utabiri wa hali ya hewa. Karibu sana! Mwingine akaleta picha ya mto unaotembea kwenye kioo, na bata wawili juu yake. Nao bata wakakaribishwa. Mwingine akasema, kwa kuwa watu watakuwa na programu hii mwaka mzima, itangaze na matokeo ya mpira. Mnacheka, lakini matokeo ya mpira yaliingia, na yalifanya kazi vizuri kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

Sasa niambieni, kuna hata kimoja kilichokuwa kibaya hapo? Ramani ni mbaya? Bata wamemkosea nani? Na mtu amekuletea kazi ya mikono yake, bure, utamfungia mlango? Wewe ungeweza? Mimi nisingeweza. Hata juzi nimepokea saa ya ukutani ya nne humu kanisani, na zote nimezitundika.

Mama wa kipimo alikuwa akipiga simu kila mwezi. "Mwanangu, imekuwa tayari?"

"Bado kidogo, mama."

Septemba, bado kidogo. Oktoba, bado kidogo. Vuli ikaingia. Mwaka ule ilinyesha manyunyu tu, maji hayakufika hata katikati ya nguzo, na yule dada akashusha pumzi. Alifikiri amepewa muda. Nadhani alikuwa ameazimwa tu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye uhondo. Mwezi wa kumi na mbili akatokea kaka mmoja, fundi kwelikweli, mpole, amelelewa akaleleka. Akasoma ule ujumbe uliokusudiwa kwenda kwa watu wa chini. Ulikuwa mfupi: *Mto umejaa, pandeni juu.* Kaka akaandika kwenye ukurasa wao:

"Samahani dada. Huu ujumbe hauna adabu. Kule chini kuna wazee. Unamwamrisha mzee wa watu apande juu, hata salamu hakuna?"

Nanyi mngesema nini? Ukweli si ndio huo? Thelathini kati ya wale thelathini na saba wakamuunga mkono siku hiyo hiyo! Kwamba sisi si watu wa kuingia kwa mtu na habari bila kubisha hodi. Ujumbe uanze na shikamoo.

Haya. Lakini programu itamjuaje wa kuamkiwa na wa kuambiwa mambo vipi? Lazima ijue umri. Basi ikabidi watu mia tatu wa kule chini waulizwe mwaka wa kuzaliwa. Wazee wakajibu kizee: mimi ni wa mwaka wa nzige, mimi nilizaliwa daraja linajengwa. Ikaundwa kamati ya kugeuza nzige kuwa tarakimu! Kamati ilipomaliza, mwingine akauliza, na mkwe je? Mkwe akiwa mdogo kuliko wewe anaamkiwaje na programu? Wiki tatu, wapendwa. Watu wenye akili zao, wasomi, wiki tatu wanamjadili mkwe, na ule mstari mwekundu uko palepale juu ya nguzo unangoja masika.

Ikafika mwisho wa Februari. Dada akasema, sasa tujaribu. Akateremka mwenyewe mpaka kule chini, kwa yule bibi, mama yake mama wa kipimo. Yeye na mama wa kipimo walikuwa wamekubaliana, majirani wakaambiwa ni jaribio, bibi tu hakuambiwa: saa nne kamili asubuhi mama wa kipimo, kule darajani, atajifanya maji yamegusa wekundu, atabonyeza.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni na ungo, anachagua choroko. Simu yake ya kitochi ameifunga kwa utepe, inaning'inia shingoni. Kusoma anajua, alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, anasoma kwa sauti, silabi moja moja. Saa nne kamili simu ikalia. Dada moyo ukamruka kwa furaha! Imefika! Bibi akainyoosha mbali na macho, akaanza:

"Shi-ka-moo bi-bi. Ha-ba-ri za a-su-bu-hi. Ni ma-tu-ma-i-ni ye-tu u mzi-ma wa a-fya pa-mo-ja na fa-mi-li-a yo-te. Si-si hu-ku da-ra-ja-ni ha-tu-ja-mbo. Dhu-mu-ni la u-ju-mbe hu-u ni..."

Ikaishia hapo.

Ujumbe ulikuwa mrefu mno, simu ilikuwa imeukata vipande viwili. Cha kwanza kimefika na salamu. Cha pili, chenye mto, kilikuwa bado kinakuja. Na bibi yetu je? Uso ulimng'aa! Akaipangusa ile simu kwa upande wa khanga, akasema, "Marahaba, mwanangu, marahaba." Akamgeukia dada, "Unamwona mtoto wangu? Pamoja na kazi zake zote, hakuacha kuniamkia." Akarudi kwenye choroko.

Dada akatazama saa yake. Dakika kumi. Dakika ishirini. Bibi anachagua choroko na kuimba. Dakika arobaini na tano zilipotimia ndipo kipande cha pili kikaingia: *kukujulisha kuwa mto umejaa, tafadhali pandeni juu, wako mtiifu.* Zilikuwa zimebaki dakika arobaini na tano nyingine kabla ya maji. Na kumbeba bibi ni saa nzima.

Mama wa kipimo alikuja na bodaboda, mbiombio, amejaa matumaini. Alimkuta dada amesimama nje ya nyumba, hana rangi.

"Eeh mwanangu, niambie. Mama yangu mmemfikisha wapi?"

Dada akasema, "Mama, ameitikia marahaba."

Na bibi pale mlangoni anaendelea kuimba. Wapendwa, nilipomsimulia jikoni nikafika hapa, Mama Mchungaji aliacha mwiko ndani ya sufuria.

Yule mama hakugomba. Ningekuwa mimi ningegomba. Alimkalisha dada, akavuta kigoda kando yake, akaitazama kompyuta iliyofunguliwa magotini pa dada. Juu kabisa ya ukurasa paliandikwa: *Toleo la kwanza: bado.*

Akauliza, "Mwanangu, hili toleo mnamtolea nani?"

"Hapana mama, hilo ni neno la kazi yetu. Toleo ni ile programu inapotoka kwetu kwenda kwa watu."

"Sasa si ndilo hilo hilo?" mama akasema. "Mimi kanisani kwetu ndiye ninayepita na kikapu Jumapili. Watu huleta yai, huleta ndizi, kuna mzee huleta kuku anayepiga kelele mpaka mchungaji ananyamaza. Yote napokea. Lakini sijapata kuona kitu kimebaki mkononi mwa mwenyewe, tukakiita toleo."

Ee ndugu zangu! Mnaisikia lugha yetu ilivyo tajiri? Kutoa. Kujitolea. Toleo. Ni mzizi mmoja! Watu thelathini na saba wamejitolea miezi minane, usiku na mchana wanajitolea, na hakuna kilichotoka! Na ile "kumtolea" ya yule mama ina mtu ndani yake. Ukishaitamka lazima umtaje. Mnamtolea nani? Dada alikuwa amelisoma neno hilo kila siku kwenye kioo, na kila siku alikuwa akiliona tupu, halina mtu. Sasa akaangalia mlangoni, akamwona mtu mwenyewe ana ungo wa choroko mapajani.

Alifungua mkoba wake palepale, akaitafuta ile bahasha ya zamani. Ilikuwepo bado, imekunjika. *Mama akibonyeza, watu wa chini wajue.* Akawaandikia wale thelathini na saba:

"Ndugu zangu, nimekosa mimi, sikukosewa na yeyote. Kila ambacho hakimo ndani ya maneno haya sita kinatoka leo. Hakitupwi. Kinakwenda kwenye orodha, na orodha nimeipa jina: Baada ya Masika."

Ramani, Baada ya Masika. Hali ya hewa, Baada ya Masika. Bata wale wawili wakaogelea mpaka Baada ya Masika. Tisa walikasirika wakaondoka, na mmoja alitoka na maneno makali ambayo sitayasema mbele ya watoto. Dada aliumia. Mtu aliyezoea kusema karibu sana, akisema ngoja, koo lake linamkwaruza.

Yule kaka wa shikamoo naye akaandika. "Dada, kwa hiyo mimi umenikataa?"

"Sijakukataa, kaka yangu. Nimekuweka baada ya masika."

"Na wazee tuwaamrishe tu? Unataka tuonekane watu wasio na adabu?"

Dada akamjibu, "Kaka, siku mto umejaa, adabu ni kuwahi."

Kaka akanyamaza siku mbili. Dada akadhani naye amekwenda na wale tisa. Siku ya tatu akaandika mstari mmoja tu: "Nionyeshe nianzie wapi kufuta." Wapendwa, huyo kaka nampenda! Alifuta kwa mikono yake kazi yake ya miezi miwili, shikamoo na nzige na wakwe na wote. Halafu ule ufundi wake wote, ule uliokuwa umepotelea kwenye salamu, akauweka kwenye mwendo. Ujumbe uliokuwa ukichukua dakika arobaini na tano akaufanya ufike simu mia tatu kwa dakika moja. Dakika moja!

Tarehe tisa Machi, adhuhuri, kila kitu tayari. Kitufe kimoja, hakuna rangi wala bata. Dada anakaribia kubofya ili programu itoke, mwenzao mmoja akapiga kelele kule kwenye ukurasa wao: "Simameni! Kuna kosa!" Wakaangalia. Kwa haraka dada alikuwa ameandika *Mto umeja, pandeni juu.* A moja imeliwa. Umeja! Na watu hawa walikuwa wamebishana miezi kama ni umejaa au umefurika. Kurekebisha maana yake kurudi nyuma, kupima upya kwenye simu zote, siku tatu nne. Dada mkono ukasita. Mnaiona hiyo "bado kidogo" inavyorudi kimyakimya?

Yule kaka akauliza, "Unaeleweka?"

"Unaeleweka."

"Basi utoke. A tutaileta baadaye."

Ukatoka. Toleo la kwanza! Mama wa kipimo akawekewa kwenye simu yake siku hiyo hiyo, na walifurahi, wakapigiana simu kutoka mikoa mitano, watu ambao hawajawahi kuonana wanalia kama wa tumbo moja.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi mvua ikanyesha milimani. Kule chini jua linawaka, watu wameanika nguo, nani angefikiri? Mama wa kipimo yuko darajani, anaona maji yamebadilika rangi, yanakuja na magogo. Yanapanda kwenye nguzo huku anayatazama. Saa tatu na nusu yakagusa wekundu.

Akabonyeza.

Mara moja tu, wapendwa! Na kule chini simu mia tatu zikalia kwa pamoja, mashambani, kisimani, kwa fundi cherehani, shingoni kwa bibi. Bibi akaweka ungo chini, akainyoosha simu mbali na macho. "M-to u-me-ja. Pa-nde-ni ju-u." Safari hii hapakuwa na cha kuitikia. Akapiga ukelele ambao hakuna aliyejua bado anao! Majirani walikuwa tayari wanakuja mbio, wanne, na kitanda. Saa nne na nusu bibi yuko kwenye baraza la shule. Mbuzi nao walikwisha kupandishwa, tena mapema, asirudi mtu kuwafungua. Saa tano mto ukafika. Ulichukua jiko la bibi, ukachukua ungo na choroko zote, ukachukua nyumba nane. Mtu haukupata hata mmoja. Na kati ya watu mia tatu waliokimbia, niambieni, ni wangapi walisimama kuuliza ile A iko wapi?

Alasiri maji yalipopungua, mama wa kipimo akafika shuleni, matope mpaka magotini, na dada yuko nyuma yake. Bibi ameketi barazani, amefunikwa blanketi, watu wamemzunguka. Alipomwona binti yake akaanza kufoka, sauti mpaka madarasani.

"We mtoto! Ndiyo nini kuniandikia vile? Hakuna shikamoo, hakuna hujambo, kama askari! Mimi nimekuzaa mimi! Na herufi umekula!"

Yule mama alipiga magoti palepale kwenye matope. Alitaka kucheka, akalia. "Shikamoo, mama."

Bibi akamtazama. Akatoa mkono ndani ya blanketi, akamwekea kichwani.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Dada alikuwa amesimama pembeni, na alilisikia neno lile kwa mara ya pili kutoka kinywa kilekile. Mara ya kwanza, kama mto ungekuwa wa kweli, lingekuwa neno la mwisho la yule bibi. Mara hii alikuwa hai, mkali, ana njaa, anadai salamu yake. Na amesalimiwa. Shikamoo haikupotea, ilingoja tu zamu yake. Mwezi wa sita wakaifungua ile orodha, ya kwanza kuingia ikawa ni ile A.

Sasa, wapendwa, nizungumze na sisi. Mnaona nimefunga Biblia, nawatazama. Mama Hiza wa kamati, usiangalie chini, nakupenda na wewe unajua.

Kanisa hili lina kamati ya kutembelea wagonjwa. Iliundwa Pasaka. Ina mwenyekiti, ina katibu, ina muhuri mzuri kuliko wa usharika. Imekaa vikao sita, na mimi nimevifungua vyote kwa sala, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole ambacho sijajinyooshea. Kikao cha pili tulijadili sare. Cha tatu, kitenge gani. Cha nne, kitenge kilekile, lakini kwa nini wanaume wasiwe na mashati yake. Cha tano, tuandae wimbo wa kuingilia. Cha sita tukakubaliana kwamba wimbo uwe na sauti nne. Kila aliyeleta wazo tulimwambia karibu sana, na mawazo yalikuwa mazuri, hata hicho kitenge mimi nimekipenda. Mgonjwa hajatembelewa. Hata mmoja! Mzee Shemndolwa amelala kitandani tangu Pasaka hiyo hiyo, nyuma tu ya shule ya msingi, hatua mia nne kutoka hapa. Juzi nimekutana na mkewe sokoni akaniuliza, "Mchungaji, hamjambo huko kanisani?" Nikamwambia hatujambo, tunajiandaa. Bado kidogo. Nilisema kwa kinywa hiki. Nilirudi nyumbani sikula.

Tunajitolea sana hapa, ndugu zangu. Ila leo nauliza kama yule mama wa kikapu, na ninajiuliza mwenyewe kwanza: tunamtolea nani? Tumtaje jina. Mimi namtaja: Mzee Shemndolwa.

Basi sitawaweka zaidi. Sare, Baada ya Masika. Wimbo, Baada ya Masika. Katibu, andika hiyo orodha vizuri, vitu vya watu visipotee. Tukishapokea baraka mimi natoka kwa mlango huu, sivui hata joho, nakwenda moja kwa moja. Anayekuja aje na nguo aliyovaa, kama anaimba sauti moja aimbe hiyo moja, kama amekula herufi tutamwelewa. Sihitaji watu wengi. Nahitaji wanaotoka sasa hivi.

Na tukifika mlangoni pake, wapendwa, tukamkuta yu hai, pale ndipo tutakapopiga magoti wote na kusema shikamoo.

Simameni tupokee baraka, halafu tuondoke.